Stokesay: Jumba la Tajiri wa Sufu Lililogeuka Ghala la Wakulima

Stokesay ni jumba la mawe lililojengwa katika miaka ya 1280 na 1290 kwenye bonde la mto Onny, jimboni Shropshire, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Huitwa ngome, lakini kwa hakika ni makazi ya tajiri yaliyovishwa sura ya ngome. Aliyelijenga hakutoka katika ukoo wa makabaila; alikuwa Laurence wa Ludlow, mmoja wa wauzaji wakubwa wa sufu nchini humo. Alinunua milki ya Stokesay mwaka 1281. Mwaka uliofuata Llywelyn, mtawala wa Wales, aliuawa, na kufikia 1283 majeshi ya mfalme Edward I yalikuwa yameitwaa nchi yake. Mpaka ulipotulia, mfanyabiashara akathubutu kutumia fedha zake kwenye madirisha.

Na madirisha ndiyo yanayofichua nia ya mjenzi. Ukumbi mkuu una urefu wa mita 16 na ushei na upana wa takriban mita 9.5, na madirisha yake makubwa yanatazama nje, upande wa handaki, mahali ambapo ngome ya vita ingekuwa na ukuta mtupu. Paa limebebwa na kenchi za mwaloni zenye magogo yaliyopinda, yanayoshuka hadi kwenye kuta za pembeni, hivyo upana wote huo umefunikwa bila nguzo hata moja sakafuni. Moto uliwashwa katikati ya ukumbi, na moshi ukajitafutia njia juu. Ngazi ya mbao inayopanda upande wa kaskazini ni ile ile ya awali. Vidato vyake vilikatwa kutoka kwenye magogo mazima. Uchunguzi wa pete za miti umethibitisha kwamba mbao hizo ni za miaka ya 1280.

Mwaka 1291 Laurence alipata kibali cha mfalme cha kuimarisha jumba lake kwa ukuta wa ngome. Mnara wa kusini, wenye kuta nene na pembe nyingi, unafanana na minara ambayo mfalme mwenyewe alikuwa akiijenga Wales, na huenda ulikusudiwa kumvutia mgeni zaidi kuliko kumzuia adui. Mwenye mali hakuufaidi sana: mwaka 1294, akisafirisha sufu kwenda Ulaya bara, meli yake ilizama kwa dhoruba naye akafa maji.

Wazao wake walilimiliki jumba hilo kwa karne mbili. Karne ya 17 likawa mali ya familia ya Craven, na kati ya 1640 na 1641 ikajengwa nyumba ya lango ya mbao zilizochongwa, ambayo haina uwezo wowote wa kujihami. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge vilipofika hapo mwaka 1645, walinzi walisalimu amri bila mapigano makubwa. Bunge likaagiza ngome ibomolewe, lakini kilichoshushwa hasa ni ukuta wa nje. Nyumba yenyewe ikapona.

Karne ya 18 ndipo Stokesay lilipoingia mikononi mwa wakulima wapangaji. Ukumbi ukawa ghala la nafaka, na chini ya mnara wa kusini mhunzi akafungua karakana. Matumizi hayo yamelaumiwa mara nyingi, na si bila sababu: mwaka 1830 moto ulizuka katika mnara huo na kuteketeza sakafu zake za kale. Hata hivyo, majumba mengi ya umri huo yaliharibiwa zaidi na wenyewe waliokuwa na fedha, waliopasua kuta, kushusha dari na kuongeza vyumba kila mtindo ulipobadilika. Mkulima anayehitaji mahali pakavu pa kuwekea magunia hana sababu ya kugusa kenchi, alimradi paa halivuji.

Katika miaka ya 1850, Frances Stackhouse Acton, mwanamke wa eneo hilo aliyependa mambo ya kale, alishawishi matengenezo yaanze. Mwaka 1869 jumba lilinunuliwa na John Derby Allcroft, aliyetajirika kwa biashara ya glovu. Tajiri huyu alikuwa na uwezo wa kuligeuza Stokesay kuwa nyumba ya kisasa, lakini hakufanya hivyo. Alirekebisha mawe na mbao zilizooza, akaliacha bila wakazi, kisha akajenga jumba jingine, Stokesay Court, jirani. Familia yake ilililinda hadi 1992, lilipokabidhiwa kwa shirika la English Heritage. Shirika hilo nalo limeviacha vyumba bila fanicha.