Msimu wa karafuu: watu wa kujitolea wanakwenda wapi, na wanarudi vipi?



Leo tuzungumzie jambo ambalo kila jumuiya ndogo huku kusini mwa Pemba inalijua. Mwezi wa tano kikao kinajaa hadi watu wanakaa mlangoni, mwezi wa nane amebaki katibu na funguo zake. Wenzetu wa Ulaya na Marekani nao wanalo tatizo hili. Kwao Juni hadi Agosti ni majira ya joto na watu wanakwenda likizo, ndiyo maana miongozo mingi ya wafadhili inashauri matembezi na tafrija. Kwetu miezi hiyo ni kipupwe, kusi linavuma, na karafuu zinaanza. Kijana wa Pemba hayuko likizo, yuko juu ya mkarafuu.

Kwa asiyejua: mchumaji hulipwa kwa pishi. Mavuno huanza kama Julai, na mwaka mwingine hufika mpaka Januari. Mavuno makubwa hayaji kila mwaka, kwa hiyo yakija hapana anayeyapisha. Ukimlaumu mtu aliyeacha kikao cha bure akatafute ada ya mdogo wake, mwenye makosa ni wewe.

Sasa hasara iko wapi? Tazama pweza. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska (Bukini ya wazee wetu), walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Miaka ya 2010 utaratibu huo ukafika hapa jirani, Kisiwa Panza, kwa msaada wa jumuiya ya Mwambao. Kwa kawaida hufungwa kama miezi mitatu. Pweza anakua upesi mno, kwa hiyo wiki za mwisho ndizo zenye uzito, na ndizo mwizi anazozingojea. Wanaolinda ni watu wa kijiji wenyewe, si askari. Doria ikienda konde, watu wawili watatu usiku mmoja wa maji makavu wanaweza kumaliza subira ya kijiji kizima. Na waliojinyima zaidi ni akina mama wanaovua kwa miguu, wasio na chombo cha kwenda mbali.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kalenda. Weka karafuu, bamvua na Ramadhani kwenye karatasi moja. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Usipange mwamba ufunguliwe wakati karafuu zimepamba moto, la sivyo tafuta mapema walinzi wasiopanda mikarafuu. Wapo, tatizo huwa hatuwaulizi.

Dawa ya pili mimi naipenda zaidi. Jioni karafuu hutenganishwa na makonyo, watu wamekaa jamvini, mikono inafanya kazi, midomo iko huru. Usiwaite kikaoni, nenda ukachambue nao! Saa moja tu utapata habari ambazo mkutano wa siku nzima haukupi, na mtu atakwambia kweli kama Ijumaa anaweza kuja au hawezi. Mpe kazi ndogo yenye siku yake. "Uwe unapita pita" si kazi, bwana.

Posho? Ahadi isiyotimia inafukuza watu kuliko kutolipa kabisa. Jumuiya moja niliyojitolea (siitaji) ilituahidi kuturudishia nauli. Tukangoja hadi karafuu zikaingia. Walipotuita tena Januari tulikwenda wawili. Kama hakuna pesa semeni hakuna, lakini nauli ya boti ya Chokocho ilipwe siku ile ile.

Mwisho, kuwarudisha. Wengi husubiri Desemba 5, siku ya watu wa kujitolea duniani iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, wagawe fulana na kupiga picha. Mwaka wa karafuu nyingi, tarehe hiyo watu bado wana magunia ya kupeleka ZSTC. Bora kungoja kiangazi, kaskazi imetulia, na Kengeja kuna mchezo wa ng'ombe. Siku hiyo kila mtu yuko uwanjani, hata waliokimbia doria. Katibu asimame pale na daftari lake, aandike majina kabla ng'ombe hajatolewa, maana akishatolewa hakuna atakayemsikiliza.