Majina ya Ukoo ya Haydom na Sikio la Kiingereza

Aghalabu mtu aliyezoea Kiingereza akikutana na jina geni hulipima kwa maneno ya lugha hiyo. Haydom, wilayani Mbulu, ni mahali pafaapo kuona jinsi kipimo hicho kinavyopotosha, kwa kuwa katika pande hizo hukutana lugha za asili nne mbalimbali: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatooga cha Kinailo, Kiisanzu cha Kibantu, na Kihadza kisicho na ndugu ajulikanaye. Hata jina la mji halikusalimika. Msomaji wa Kiingereza huona ndani yake "hay", nyasi kavu za mifugo. Na kwa kuwa ng'ombe ni wengi huko, kosa hilo hufanana na maarifa.

Tuchukue jina Tluway. Mwisho wake hufanana na "way", yaani njia. Lakini kwa Kiiraqw tluway ni mvua. Herufi tl ni konsonanti moja, na sl vivyo hivyo. Basi Slaa, jina lililovuma nchini kote Dakta Willibrod Slaa alipogombea urais mwaka 2010, halina uhusiano na "slaw", kachumbari ya kabichi, wala halianzi kwa s tuijuayo katika Kiswahili. Isitoshe, Kiiraqw kina toni na sauti za kooni ambazo hati za ofisini haziziandiki. Hata Mwiraqw hana budi alisikie jina kwa mwenyewe ndipo alifasiri.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu ilipokuwa ingali sehemu ya Mbulu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo. Mtani angesema kuwa aliwaaga wenziwe kwa "bye". Utani mzuri, etimolojia mbovu. Naye huitwa Filbert Bayi Sanka: lililodhaniwa kuwa la ukoo ni la pili kati ya matatu.

Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, ana jina liishialo kama "miss", neno la kumwitia mwanamke asiyeolewa. Ilhali Gida- katika Kidatooga ni alama ya mwanamume, na Uda- ya mwanamke.

Lililo zito zaidi ni maandishi. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina q wala x, na karani mwenye bidii humwandika Qwaray kuwa Kwarai. Cheti cha shule ya msingi kikisema hivi na cha sekondari kikisema vile, mtu mmoja huwa wawili mbele ya mwajiri. Usanifishaji ulioanza mwaka 1930 ulihusu maneno ya Kiswahili, haukuhusu majina ya watu. Yafaa makarani waagizwe kuziacha q, x, tl na sl kama zilivyo, na mwenye jina aulizwe kabla kalamu haijagusa daftari.