Dawa ya ordonansi na dawa ya bila ordonansi: tofauti iko wapi?

Farmasi ni nyingi mjini Butembo, toka Furu mpaka Katwa. Mutoto akipata homa usiku, wengi wetu tunaanzia pale: "Unipatie dawa ya homa." Tunapewa vidonge vinne ndani ya kakaratasi, tunarudi nyumbani. Lakini dawa zote haziuzwi kwa kanuni moja. Kinachozitenganisha si bei. Ni hatari yake kama muganga hajamuona mgonjwa.

Za bila ordonansi

Hapa kuna parasetamoli, SRO ya kuhara na dawa nyingi za kupaka. Ni za magonjwa madogo ambayo mtu anayatambua mwenyewe. Hata hivyo, si bonbon. Mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa siku, maana vikizidi vinaharibu ini. Aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Kwa hiyo mtu anayeshukiwa kuwa na Ebola hapashwi kuzinywa. Sisi wa Beni na Butembo, tuliopitia 2018 mpaka 2020, tusisahau hilo.

Za ordonansi

Hizi ni antibiotiki, dawa za tansio, za sukari, na karibu sindano zote. Muganga anapashwa kupima kwanza: homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoidi, na dawa zake si moja. Tangu 2017, OMS imepanga antibiotiki kwa makundi matatu: za kuanza nazo, kama amoksisilini, za kutumia kwa uangalifu, kama seftriaksoni na siprofloksasini, na za akiba, kwa mgonjwa aliyekosa dawa nyingine. Tukizitumia ovyo, mikrobi zinazoea, na siku ya hatari dawa haiponyeshi tena.

Za ulinzi mkali

Morfini na diazepamu ziko chini ya mikataba ya dunia, ya 1961 na ya 1971. Zinawekwa ndani ya kabati lenye kufuli, na zinazotoka zinaandikwa kwenye rejista.

Kwa nini ukali huo? Tukumbuke Ituri, kwa jirani zetu. Mwisho wa 2014 watu walianza kupindika shingo na uso. Kwanza ilidhaniwa ni meninjite. Uchunguzi ukaonyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Mpaka Agosti 2015, karibu watu elfu moja waliguswa, na wengine walikufa. Kidonge kinachouzwa bila boksi wala rejista, nani atajua kilitoka wapi?

Kazi ya kuruhusu dawa nchini na kusimamia uuzaji wake iko mikononi mwa ACOREP, iliyoundwa 2020.

Ukifika farmasi, uliza mambo manne: dawa inaitwaje? Inaisha tarehe gani? Boksi yake iko wapi? Ninywe ngapi, kwa siku ngapi? Muuzaji asipojibu, usinunue. Na kwa mama mwenye mimba ao mutoto wa chini ya miaka mitano, uanzie kituo cha afya, si farmasi.