Kadi za Hartford: Jinsi Connecticut Ilivyojifunza Kuhesabu Saratani

Mwanamke aliyekabidhiwa kazi ya kuhesabu wagonjwa wa saratani wa jimbo zima la Connecticut, Marekani, hakuwa daktari. Eleanor Macdonald alimaliza masomo yake katika chuo cha Radcliffe mwaka 1928, kisha kwa muda akajitafutia riziki kwa kupiga selo, lile zeze nene ambalo mpigaji huketi akalibana kwa magoti. Daktari aliyehitaji msaada wa kuandika makala ya kitabibu ndiye aliyemvuta upande wa takwimu, na huko hakutoka tena. Baada ya miaka kadhaa katika idara ya afya ya Massachusetts, mwaka 1940 alihamia jimbo la jirani, dogo, ambalo wakati huo wakazi wake hawakufika milioni mbili.

Chimbuko la kazi aliyoikuta lilikuwa mji wa New Haven. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 madaktari wa hapo waliona saratani inaongezeka na wagonjwa wao hawaishi muda mrefu baada ya matibabu. Ila kila hospitali ilijua ya kwake tu. Mtu aliyepasuliwa New Haven, akahamia Hartford, mji mkuu wa jimbo, akaja kufia nyumbani kwa mwanawe mji mwingine, aliacha mafaili mawili na cheti kimoja cha kifo, na hakuwepo wa kuviweka pamoja. Mwaka 1935 jimbo likaunda kitengo cha utafiti wa saratani ndani ya idara yake ya afya, kikiongozwa na Dk. Matthew Griswold. Sajili yenyewe ikafunguliwa mwaka 1941.

Uamuzi mmoja wa wakati huo watafiti wanaushukuru hadi leo. Badala ya kuanza na wagonjwa wapya wa 1941, sajili ilirudi nyuma. Mafaili ya hospitali yalifukuliwa hadi ya mwaka 1935, na yaliyomo yakanakiliwa. Ndiyo maana takwimu za saratani za Connecticut zina umri mkubwa kuliko ofisi inayozitunza.

Haikuwa ya kwanza duniani. Hamburg, Ujerumani, walikuwa na utaratibu wao tangu miaka ya 1920, na Denmark ilifungua sajili ya nchi nzima mwaka 1942. Hata Boston, karibu tu na Connecticut, daktari mpasuaji Ernest Codman alikuwa ameanza mwaka 1920 kuwaomba wenzake wamtumie taarifa za kila saratani ya mfupa waliyokutana nayo. Daftari la Codman liliweza kumweleza daktari uvimbe ukoje na unavyokwenda. Halikuweza kumwambia katika kila watu laki moja ni wangapi wataupata. Kwa swali hilo inabidi umjue kila mgonjwa wa eneo fulani, asikosekane hata mmoja, na asihesabiwe hata mmoja mara mbili.

Hapo ndipo penye kazi. Tumchukue mama wa kubuni, mkazi wa Bridgeport, aliyeshika titi la kushoto siku moja akakuta kivimbe. Kipande cha nyama kinakwenda maabara, mtaalamu wa patholojia anaandika ripoti yake. Upasuaji unafanyika hospitali moja, mionzi hospitali nyingine. Miaka kumi na miwili baadaye kivimbe kinatokea titi la kulia. Je, ni saratani ileile imesambaa, au ni nyingine iliyozaliwa yenyewe? Katikati ya hayo mama ameolewa upya, jina la ukoo limebadilika, na karani mmoja ameandika Catherine huku mwingine akiandika Katherine. Karatasi zote hizo zinaishia mezani kwa msajili. Analinganisha tarehe ya kuzaliwa, anwani, upande wa mwili na maneno ya mtu wa maabara, mpaka aridhike kwamba huyu ni mwanamke mmoja mwenye saratani mbili. Akiteleza huku, jimbo linapata mgonjwa hewa. Akiteleza kule, saratani moja inafutika kwenye historia.

Kisha kuna walioponyoka kabisa. Sajili hulinganisha orodha yake na vyeti vya vifo, na cheti kikisema mtu kaondoka kwa saratani wakati sajilini hayumo, msajili hurudi hospitalini kuuliza alipotelea wapi. Kazi yote hii haifanyiki bila jina. Namba ya faili ni ya hospitali moja tu. Jina ndilo linalomfuata mtu mlango hadi mlango. Ndilo pia lililokuja kuwa kero kubwa ya sajili hizi, maana kitu kinachozipa thamani ndicho kinachozifanya ziwe hatari kuzigawa.

Macdonald aliondoka mwaka 1948 kwenda Houston, Texas, kwenye hospitali ya M.D. Anderson. Mwaka 1955 Griswold na wenzake watatu wakatoa kitabu cha saratani Connecticut tangu 1935 hadi 1951. Miaka kumi na saba ya watu wa jimbo moja: Marekani haikuwa na kingine cha kulingana nacho.

Kitabu kilichofuata kinamgusa msomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1966 Richard Doll wa Uingereza na wahariri wenzake walichapisha juzuu ya kwanza ya takwimu za saratani kutoka mabara matano. Connecticut imo. Kyadondo, kaunti ya Uganda yenye jiji la Kampala, imo pia, kwa hesabu zilizokusanywa na watu wa patholojia wa Makerere tangu miaka ya 1950. Anayedhani kuhesabu saratani huku kwetu ni jambo la juzi na aanzie hapo. Njia za sajili hizo mbili ziliachana baadaye: ya Kampala ilizimika katika misukosuko ya miaka ya 1970, ikafufuliwa kuelekea miaka ya 1990, na ilipofungua macho ikakuta UKIMWI umeifanya saratani ya Kaposi kuwa ndiyo inayoongoza kwa wanaume. Ukubwa wa badiliko hilo ulipimika kwa sababu kurasa za zamani zilikuwepo. Connecticut yenyewe haikunyamaza kamwe.

Ukongwe huo ndio uliowafanya watafiti wapige foleni. Mwaka 1985 Connecticut na Denmark ziliunganisha hesabu zao katika kitabu kimoja kikubwa kuhusu watu waliopona saratani moja kisha wakapata ya pili. Mwaka 1992 watafiti waliwafuatilia wanawake 41,109 wa Connecticut waliogunduliwa na saratani ya titi kati ya 1935 na 1982, wakitaka kujua kama mionzi ya kutibia titi moja huzalisha saratani katika la pili. Kwa wengi hatari ilikuwa ndogo mno. Kwa waliotibiwa wakiwa chini ya miaka 45 iliongezeka na ilionekana wazi. Jibu la namna hiyo haliwezi kutoka hospitali moja, hata iwe kubwa vipi.

Mfano mwingine unawahusu wanaume, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndio unaopita yote. Daktari anapomwambia mzee ana saratani ya tezi dume, swali la kwanza nyumbani ni kama itamuua. Peter Albertsen wa Chuo Kikuu cha Connecticut na wenzake walikwenda kwenye sajili wakatafuta wanaume waliogunduliwa kati ya 1971 na 1984, ambao hawakupasuliwa wala kupigwa mionzi kwa lengo la kuponya. Wakapata 767. Vioo vya zamani vya maabara vikatolewa kabatini, vikasomwa upya kwa hadubini kwa kipimo kimoja cha ukali wa saratani, na maisha ya wanaume hao yakafuatwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Wenye saratani ya daraja la chini, ni wachache sana iliyowaua. Wengi waliondoka kwa maradhi mengine. Wenye daraja la juu, wengi iliwamaliza ndani ya miaka kumi. Wanaume hao wenyewe hawakujua wanashiriki utafiti wowote.

Serikali kuu ya Marekani ilichelewa kuingia. Sheria ya saratani aliyoisaini Rais Nixon mwishoni mwa 1971 ndiyo iliyozaa mpango wa kitaifa wa takwimu, SEER, ulioanza na wagonjwa wa 1973. Connecticut ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuingizwa, pamoja na Iowa, Utah, New Mexico, Hawaii na mengineyo. Majimbo mengine yalibaki kila moja na lake, na kumi hayakuwa na sajili kabisa. Vermont lilikuwa mojawapo. Bernie Sanders, wakati huo mbunge wa Vermont, na seneta Patrick Leahy wa jimbo hilohilo, wakabeba muswada uliopita mwaka 1992 na kutoa fedha kwa kila jimbo lijenge sajili yake.

Baada ya hapo likaja suala la mipaka. Saratani huhesabiwa mahali mgonjwa alipokuwa akiishi ilipogunduliwa, si mahali alipotibiwa, na Connecticut imekaa katikati ya New York na Boston, miji yenye hospitali zinazovuta watu kutoka mbali. Mkazi wa Stamford akipanda treni kwenda kutibiwa Manhattan, taarifa yake lazima irudi kwao. Majimbo yana makubaliano ya kurudishiana majina hayo, na sajili zina chama chao, kilichoundwa mwaka 1987, kinachohimiza wote waandike kwa mtindo mmoja, herufi kwa herufi. Ni kazi isiyo na mvuto. Ikisimama, hesabu huanza kudanganya.

Hilo lilidhihirika mwaka 2007, idara ya taifa inayohudumia maveterani wa jeshi ilipokaza masharti ya kutoa majina ya wagonjwa wake. Baadhi ya majimbo yakaacha kupokea taarifa kutoka hospitali za maveterani. Wengi wa wagonjwa wa hospitali hizo ni wanaume wenye umri mkubwa, kundi lilelile linaloshambuliwa na saratani ya tezi dume na ya mapafu. Kwenye majedwali ikaonekana kana kwamba saratani kwa wanaume imeshuka kidogo. Ilibidi ripoti za taifa ziweke tahadhari: huenda si ugonjwa uliopungua, ni karatasi.

Kwa upande wa pili wapo wanaotaka taarifa zitoke zaidi. Mwaka 1997 gazeti la The Southern Illinoisan la Carbondale liliiomba idara ya afya ya Illinois orodha ya watoto waliopata nyuroblastoma, saratani adimu ya neva: aina ya saratani, msimbo wa posta, na tarehe ya kugunduliwa. Majina halikuyataka. Idara ikakataa, ikisema kwa ugonjwa adimu kiasi hicho mambo hayo matatu yanatosha kumtambulisha mtoto.

Kesi ikaanza, na idara ikamwita Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta, kuwa shahidi. Huyu alikuwa na sifa yake. Miaka ya nyuma alinunua orodha ya wapiga kura wa Cambridge, Massachusetts, kwa dola 20, akailinganisha na rekodi za hospitali zilizodaiwa kuondolewa utambulisho, na akalipata faili la gavana wa jimbo, William Weld. Kwa Illinois alifanya tena: akachukua mambo matatu yaliyoombwa, akayaunganisha na kumbukumbu zilizo wazi kwa umma, akayataja majina ya watoto walio wengi kwenye orodha aliyopewa.

Ustadi wake ukaiponza idara. Mwezi Februari 2006 Mahakama ya Juu ya Illinois ilisema Sweeney ana ujuzi ambao mtu wa kawaida hana, kwa hiyo kufaulu kwake si ushahidi kwamba umma unaweza kuwatambua watoto hao. Gazeti likashinda. Majina aliyoyapata yeye yakaamriwa yafungiwe. Mtu anaweza kuisoma hukumu hiyo mara mbili na bado akajiuliza majaji walidhani ujuzi wa kompyuta utabaki kwa watu wachache hadi lini.

Siku hizi anayefungua takwimu za saratani za Marekani, wilaya kwa wilaya, hukutana na kinga ya aina yake. Wagonjwa wa kundi fulani wakiwa chini ya 16, kiwango hakichapishwi. Mahali pa tarakimu huwekwa alama tu. Connecticut haina wilaya nyingi zenye watu wachache, lakini aina adimu za saratani zinazo alama hizo kwa wingi. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ana wenzake katika mji wao hatapata jibu kwenye jedwali. Huko Hartford, katika mkusanyiko uleule unaoanzia mwaka 1935, jina la mtoto huyo limo, pamoja na mtaa wake na tarehe.