Mganga na Askari wa Ugenini

Methali yetu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kitenzi kuganga ndicho kilichozaa neno mganga. Lakini kwa askari aliyeua, au aliyeona wenzake wakiuawa, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe.

Tazama ramani ya kaskazini mwa Msumbiji. Pundanhar imo wilayani Palma, kusini mwa mto Ruvuma, kwenye barabara iendayo Nangade. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 viliifikia nayo, wenyeji wakakimbia. Julai 2021 waliwasili wilayani humo askari wa Rwanda. Kikosi cha SADC, chenye Watanzania upande wa Nangade, kiliondoka 2024. Majeruhi wa risasi huhesabiwa. Nani huwahesabu wasiopata usingizi?

Swali hilo si geni nchini humo. Baada ya uhuru wa 1975, FRELIMO iliwapiga vita waganga, ikiiona kazi yao kuwa ushirikina wa kale. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokomeshwa kwa mkataba wa Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, wapiganaji wengi, baadhi yao watoto, walirudi vijijini kusikokuwa na daktari wa akili. Waliowapokea ni waganga walewale. Mtaalamu Alcinda Honwana ameeleza tambiko moja la kusini mwa nchi: kijana aliingia katika kibanda cha nyasi akiwa na nguo za vitani, akazivua, akatolewa, kibanda kikateketezwa pamoja nazo. Kisha akafukizwa na kuogeshwa maji ya dawa. Hakulazimishwa kusimulia aliyoyatenda, kwani iliaminika kuwa kuyasimulia ni kuwafungulia mlango mizimu ya waliouawa.

Zingatia waliohudhuria: jamaa zake na wazee wake. Dawa ilikuwa ya mitishamba, naam, lakini ilikuwa pia tangazo la hadharani kwamba kwao wamempokea. Hapo ndipo penye ugumu kwa askari wa ugenini. Mganga wa Pundanhar, hata wakielewana kwa Kiswahili, haijui mizimu ya kwao askari huyo, wala hana mamlaka ya kumwambia, "Umerudi nyumbani." Daktari wa jeshi aweza kumpa vidonge na ushauri, navyo vyahitajika, simtumi mgonjwa yeyote kwa mganga peke yake. Ila daktari naye hawezi kuyatamka maneno hayo.

Basi siku askari atakaposhuka garini kwao, Songea au Huye, shangazi zake watampigia vigelegele, mama atampikia, na usiku atapiga kelele usingizini. Ni nani katika nyumba ile aliyeelezwa la kufanya?