Klachi ya Turbo Mbele ya Mlima

Reli ya Usambara ilifika Muheza kutoka Tanga mwaka 1896, na baadaye reli nyembamba ya Sigi ikachepuka Tengeni kuelekea milimani. Iliishia Sigi, chini ya Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Kipande cha juu, chenye mwinuko mkali, kiliachiwa barabara, na magari yalipokuja kazi hiyo ikaangukia klachi. Injini ya mvuke huvuta hata ikianzia kusimama. Ya petroli au dizeli sharti iwe inazunguka tayari, kisha klachi iteleze kidogo kidogo mpaka iende sawa na giaboksi. Kuteleza huko huzaa joto. Hata kwenye tambarare, dereva akishikilia injini kwenye mzunguko uleule, nishati inayogeuka joto ndani ya klachi hulingana na ile inayoliondoa gari. Kwenye kilima, na shehena ya chai au iliki mgongoni, joto huzidi, na dereva anayelizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi badala ya breki huiunguza kabisa. Ndiyo maana naona kwamba anayetaka klachi ngumu zaidi kwa gari la zamani la michezo lenye turbo asianze na nguvu za farasi. Aanze na njia atakayopita, halafu aulize ni chuma gani kitapokea pigo klachi ikikataa kuteleza.

Ushahidi mzuri upo katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia lisilo na turbo. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Porsche ilikuwa ikiuza 911 Turbo tangu 1975, lakini mwaka 1978 ililetea Safari 911 SC isiyo na turbo, na Vic Preston Jr akashika nafasi ya pili. Sidai kwamba klachi pekee ndiyo iliyoamua. Nadai kwamba waliojua nguvu ya turbo kuliko wengine wote hawakuona haja ya kuipeleka pale.

Kuna atakayenijibu kwa Toyota: Celica Twincam Turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986. Ni kweli, na ushindi huo unastahili heshima. Lakini Celica ile ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, wakati Audi Quattro, yenye turbo na magurudumu manne yanayovuta, ilikuwa imetwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1982 na 1984 bila kuishinda Safari. Audi ilingoja hadi 1987, kwa 200 Quattro. Matairi mawili kwenye vumbi au tope huzunguka bure nguvu ikizidi, na hivyo hulinda kila kilicho kati yake na injini. Manne yakishika ardhi, nguvu hukosa pa kutorokea, na pigo hurudi kwenye klachi, giaboksi na shafti. Klachi iteleze wapi, basi, ni swali la ardhi kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: klachi ya diski mbili ina nyuso 4 za msuguano badala ya 2, hivyo hubeba nguvu kubwa bila pedali kuwa ngumu. Nalikubali kwa gari la kukimbia tambarare, kwa sababu turbo hutoa nguvu yake kubwa injini ikishachanganya, klachi ikiwa imeshafunga. Lakini diski hizo mara nyingi ni nyembamba, na chuma chembamba hupata joto haraka. Kuanza na kusimama mara kumi kwenye kona za Amani si kazi yake. Diski ya kauri nayo huvumilia joto lakini hushika kwa ghafla. Porsche yenyewe ililijua tatizo la mshtuko: mwaka 1978, ilipoikuza injini ya 911 Turbo kutoka lita 3.0 hadi 3.3, iliweka diski yenye kitovu cha mpira ili kutuliza mlio wa gia, ikaisogeza injini nyuma sentimita 3 kuipatia nafasi. Mpira huo huzeeka na kuchanika, na wamiliki wengi huweka diski ya springi. Mlio wa gia hurudi, lakini springi hupunguza pigo kabla halijafika kwenye meno ya giaboksi ya gari hilo, yenye gia nne.