Upasuaji wa Uvimbe wa Neva Kifuani

Uvimbe wa neva kifuani ni nadra. Mwingi huota nyuma ya kifua, kando ya uti wa mgongo. Kwa watu wazima kwa kawaida si saratani, lakini kwa watoto wadogo mara nyingi huwa saratani. Mgonjwa huweza kukaa nao bila dalili mpaka picha ya eksirei iuonyeshe.

Kwa miaka mingi njia ya kuutoa ilikuwa moja: kupasua ubavu na kutanua mbavu. Mwaka 1910, daktari Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alieleza jinsi ya kuchungulia kifua kwa darubini nyembamba. Baadaye kifaa hicho kilitumika hasa kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Kamera za video zilipounganishwa nacho, miaka ya 1990, madaktari wakaanza kutoa uvimbe kupitia matundu madogo, pafu la upande huo likiwa limepumzishwa. Maumivu hupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Uvimbe ulioingia kwenye mfereji wa uti humhitaji pia mpasuaji wa neva.

Upasuaji wa namna hii hauko karibu na kila mtu. Kwa wakazi wa Buger, wilayani Karatu, Tanzania, hata tiba ya kawaida ya hospitali ilisogea hatua kwa hatua. Hospitali ya Haydom ilianza mwaka 1955 na hospitali ya rufaa ya KCMC, mjini Moshi, ilifunguliwa mwaka 1971. Hadi leo, upasuaji wa kifua ni kazi ya hospitali kubwa za rufaa.